Kitufe cha roki cha Casio MT-40: mdundo ni mali ya nani?

Casio MT-40 ni kinanda ambacho mtoto wa darasa la nne anakibeba kwapani bila shida. Kilitoka Japani mwaka 1981. Upande wa kulia kina vibonyezo 37 vidogo, vidogo kiasi kwamba mwenye vidole vinene hugusa viwili kwa mpigo, na kushoto kuna vingine 15 vya besi. Spika imo ndani kwa ndani, umeme wa betri unakitosha, na sauti za kuchagua ni 22. Kina pia midundo michache iliyopangwa tayari, mmojawapo ukiwa wa roki. Ukiuchagua huo na kubonyeza kitufe kinachotakiwa cha besi, ngoma zinaanza, na mstari wa besi unazifuata: mfupi, wa haraka, unaojirudia bila kuchoka.

Ubishi wa miaka arobaini umetoka hapo. Mwaka 1985 vijana wa Kingston, Jamaika, waliuchukua mdundo huo, ukapunguzwa kasi, ukawa wimbo "Under Mi Sleng Teng" wa Wayne Smith. Ndani ya miezi michache rege ikawa imehama kutoka kwa bendi kwenda kwa mashine. Wapo wanaosema kinanda kile kiliwanyang'anya watu riziki, tena kwa kazi isiyozidi kubonyeza kitufe. Wapo wanaosema kiliwafungulia mlango wale ambao bendi ya kukodi wangeiona kwa mbali tu. Chini ya ubishi huo kuna mwingine ambao kwa maoni yangu ndio mzito: mdundo ule ni wa nani? Swali hili tumezoea kulijibu kwa wepesi, kwa sababu tu Casio haikudai chochote.

Kwa muda mrefu watu walizungumza kana kwamba mdundo uliota wenyewe kiwandani. Aliyeutunga ni Hiroko Okuda. Aliingia Casio mwaka 1980 akitokea Chuo cha Muziki cha Kunitachi, Tokyo, ambako tasnifu yake aliiandika juu ya rege, jambo ambalo Japani ya wakati ule halikuwa la kawaida. Bob Marley alikuwa amepiga huko mwaka mmoja tu uliotangulia. Casio nayo ilikuwa ngeni kwenye muziki. Ilijulikana kwa vikokotoo, na kinanda chake cha kwanza, CT-201, kilitoka mwaka huohuo wa 1980. Toshio Kashio, mmoja wa ndugu wanne waanzilishi, alikuwa na azma ya kutengeneza ala ambayo mtu yeyote angeweza kuipiga. Mtu yeyote hana mpiga ngoma nyumbani, wala mpiga besi, kwa hiyo kinanda kilibidi kije nao. Kazi ya kupanga midundo ya MT-40 akapewa huyo binti aliyetoka chuoni juzi.

Ukoo wa vinanda hivyo ulikuwa na vituko. Kimoja, VL-1, kilikuwa pia kikokotoo: unapiga wimbo wako, halafu unajumlisha hesabu za duka palepale. Bendi ya Trio ya Ujerumani ilitumia mdundo wa roki wa VL-1 katika "Da Da Da" mwaka 1982, na wimbo huo ukavuma Ulaya nzima. Kwa hiyo Sleng Teng haikuwa ajali ya kwanza ya aina yake. Vitu vilivyouzwa kama vya kuchezea vilikuwa vimeshaanza kuingia studio kwa mlango wa mbele.

Okuda ameeleza kwamba mstari ule wa besi ulitokana na wimbo wa roki wa Uingereza wa miaka ya 1970, na wapenzi wa muziki bado wanabishana ni upi. Alichokuwa akitunga ni roki, ndiyo maana kitufe kikapewa jina hilo. Ila mtu aliyekesha miaka ya chuo akisikiliza rege haendi kazini akaacha masikio yake nyumbani. Upunguze mwendo mdundo ule uone: besi inakaa pale ambapo deejay wa Kingston, yule anayeghani juu ya mdundo, angetaka ikae, na katikati kuna nafasi ya kutosha ya maneno. Wajamaika hawakulazimisha kitu kilichogoma.

Kule Kingston simulizi inaanza na Noel Davey, kijana wa mtaa wa Waterhouse. Alitamani kinanda kikubwa cha gharama, akaishia kuletewa MT-40 kutoka Marekani. Yeye na Wayne Smith wakawa wanakichokoa, mpaka siku moja mdundo wa roki ukajitokeza. Kwa masimulizi yao wenyewe, waliupata, wakaupoteza, wakahangaika kuutafuta tena, kwa kuwa hawakujua walikuwa wamebonyeza nini. Kisa hicho napenda kuwakumbusha wale wanaosema "ni kitufe tu". Kingekuwa kitufe tu, maelfu ya vinanda vya aina hiyo vilivyokwisha kuuzwa duniani vingekuwa vimetoa Sleng Teng tangu 1981. Havikutoa.

Wakaupeleka kwa Lloyd James, maarufu King Jammy, fundi wa studio aliyekuwa amefunzwa kazi na mkongwe King Tubby. Jammy akaushusha mwendo, akaongeza kinanda cha piano na vipigo vichache juu yake, Smith akaimba. Tarehe 23 Februari 1985, katika pambano la disko za mtaani pale barabara ya Waltham Park, Jammy aliutumia dhidi ya kundi la Black Scorpio, na habari za usiku ule zikaenea mji mzima. Haukupita muda, Tenor Saw akaimba juu ya mdundo uleule wimbo wake "Pumpkin Belly", Johnny Osbourne akaja na "Buddy Bye", John Holt, mkongwe wa enzi za roksteady, muziki uliotangulia rege, naye hakubaki nyuma. Matoleo yakafika mamia. Mwaka huohuo King Tubby akamjibu mwanafunzi wake kwa mdundo wake wa mashine, "Tempo".

Sasa tuje kwa waliolalamika. Malalamiko yao hayakuwa ya wivu. Kabla ya hapo, mdundo wa rege ulikuwa kazi ya watu wanne, watano, sita chumbani: ngoma, besi, gitaa, kinanda, pengine tarumbeta. Bendi kama Roots Radics ziliishi kwa kazi hiyo. Walilipwa kwa mdundo au kwa siku, hela ya kununulia chakula, na mwenye studio akabaki na kanda. Alipopatikana mtu mmoja mwenye mashine aliyeweza kumaliza kazi ileile kwa saa chache, hesabu ya mwenye studio haikuhitaji kikokotoo. Hofu hiyo haikuwa ya Jamaika peke yake. Mwaka 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zizuiwe, na wengi wakawacheka. Mimi siwacheki. Dawa waliyoipendekeza haikufaa, lakini ugonjwa waliuona sawasawa.

Ni kweli pia kwamba mashine haikuanza na Sleng Teng. "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, ile ya studio ya mwaka 1974, imepigwa juu ya mashine ya mdundo, na hakuna aliyeona kwamba rege imekufa. Tofauti ya 1985 ni kwamba hata besi ilitoka kwenye kasha. Katika rege besi ndiyo wimbo wenyewe. Ukiitoa mikononi mwa mtu umegusa nyama.

Utetezi wa upande wa pili huwa unaanzia Waterhouse, mtaa wa watu maskini, na unasema kwamba kijana wa pale asingeweza kukodi Roots Radics. Sawa. Lakini utetezi wenye nguvu zaidi ni Steely na Clevie. Wycliffe Johnson, yaani Steely, alikuwa mpiga kinanda wa hiyohiyo Roots Radics. Cleveland Browne, yaani Clevie, alikuwa mpiga ngoma. Hawa wawili ndio waliokuja kuwa wapiga muziki wa Jammy katika zama za mashine, wakatengeneza midundo mingi kuliko karibu mtu yeyote wa kizazi chao. Mpiga ngoma ndiye aliyejua namna ya kuifanya mashine ya ngoma itembee. Anayesema mashine ilifuta ufundi, hao anawaweka wapi?

Hata hivyo, walikuwa wawili. Nafasi zilizokuwa za watu sita zikawa za wawili, na hao wanne waliobaki nje hawaingii kwenye filamu za historia ya dancehall. Kila ninapoona makala ya kushangilia namna teknolojia ilivyoukomboa muziki, huwa natafuta humo jina la mpiga gitaa aliyerudishwa nyumbani. Huwa silioni.

Casio haikushtaki mtu wala kudai mrabaha. Okuda mwenyewe amesimulia kwamba alikuja kuijua habari hii kwa kusoma gazeti la muziki, wimbi lenyewe likiwa limeshaikumba Jamaika, na kampuni ikaona ni jambo la kufurahia. Watu wengi husimulia kisa hiki kama mfano wa ungwana. Ungwana upo, siukatai. Ila tuangalie aliyekuwa akigawa alikuwa anauza nini. Casio inauza vinanda. Kila mdundo wake unapovuma ni tangazo lisilolipiwa, na midundo iliyomo ndani imewekwa ili mnunuzi aitumie. Kampuni inayosema "tumieni tu" haipotezi hata senti. Okuda naye alikuwa mwajiriwa. Hata angetaka kudai, kilichotungwa kazini kilikuwa cha mwajiri. Alichopata kwa hiyo ni sifa, tena baada ya miaka mingi sana.

Jamaika ilikuwa na desturi yake kabla ya hapo: mdundo mmoja, waimbaji hata hamsini. Midundo ya Studio One, studio maarufu ya Kingston, ya miaka ya 1960 imerudiwa na kurudiwa hadi leo. Desturi hiyo ndiyo iliyolisha muziki wa kisiwa kile, na bila hiyo Sleng Teng isingekuwa na matoleo mamia. Lakini wanaoisifu kama ushirika wa kijamaa wanasahau kwamba wapigaji wa midundo ile ya Studio One walilipwa ujira wa siku na basi. Mali ilikuwa ya wote kwa mwimbaji. Kwa mwenye studio ilikuwa yake.

Jambo lililoyageuza mawazo yangu ni kesi iliyoko Los Angeles. Mwaka 1989 Steely na Clevie walitengeneza mdundo ulioitwa "Fish Market". Mdundo huo ndio mzizi wa "Dem Bow" ya Shabba Ranks, na mapigo ya aina hiyo yakavuka bahari na kuwa uti wa mgongo wa reggaeton ya Puerto Rico, Panama na kwingineko. Steely alifariki mwaka 2009. Mwaka 2021 upande wa Clevie na wa warithi wa Steely ulikwenda mahakamani Marekani, na kesi ikakua hadi kugusa wanamuziki zaidi ya mia, wakiwemo Daddy Yankee na Luis Fonsi. Washtakiwa waliomba itupwe, wakisema mapigo hayo ni malighafi ya kila mtu. Mwaka 2024 jaji alikataa kuitupa.

Tazama mahali tulipofika. Watu waliokulia katika desturi ya mdundo wa wote, waliopata kazi kwa sababu kitufe cha Casio kilikuwa cha bure, sasa wanasema mdundo una mwenyewe. Wapo wanaowaita wanafiki. Mimi sioni unafiki. Casio ingeweza kugawa kwa sababu biashara yake iko kwenye plastiki na saketi. Steely na Clevie hawakuwa na kingine cha kuuza isipokuwa midundo. Na kampuni kubwa za muziki zilizochuma kutokana na reggaeton hazijawahi kuziacha rekodi zao zitumike bure kwa hoja ya desturi.

Lakini hoja yao ikishinda kwa upana wake, nitaihofia. Kulinda rekodi ni sawa: sauti ile, uliyoipiga siku ile, ukaichukua bila ruhusa, lipa. Kulinda mpangilio wa mapigo, dum pale, tak hapa, ni kitu kingine. Kwa kipimo hicho Okuda naye angekuwa na deni kwa mwanaroki fulani wa Uingereza, na mwanaroki huyo kwa Wamarekani weusi waliomtangulia, na mlolongo hauna mwisho. Ningependa rekodi ilipiwe, mpangilio wa mapigo uachwe huru, na jina la aliyeutunga litajwe kila mahali. Najua kutajwa hakununui unga. Kwa huyo aliyelipwa ujira wa siku, ni sheria za kazi zinazotakiwa kumfuta machozi, na hapo hakimiliki tunaibebesha mzigo usio wake.

Kwetu Pwani ndugu wadogo wa MT-40 walifika kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uswahilini Dar es Salaam, vikundi vya ngoma vyenye asili ya Kizaramo vilianza kutumia vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye amplifaya na spika za honi. Huo ndio mchiriku. Sauti ya kinanda inatoka imepasuka, inakwaruza, na wapigaji waliitaka hivyohivyo. Aliyesimama karibu na honi usiku wa shughuli anaijua ile sindano ya masikioni. Redio ziliukwepa, wakubwa wakauita wa kihuni, kanda zikauzwa mitaani. Kundi la Jagwa Music lilitoka humo likafika mpaka majukwaa ya Ulaya, ambako watazamaji walishangilia kilekile ambacho nyumbani kilikuwa kinafukuzwa na polisi.

Sasa linganisha na Kingston. Kinanda ni cha ukoo uleule, kina midundo tayari ndani yake, lakini mchiriku haukuitaka. Ngoma zilibaki ngoma, za ngozi na za mkono, na kinanda kikapewa kazi ya kukimbiza melodia juu yake. Sababu naiona ya kiuchumi zaidi kuliko ya kiutamaduni. Kingston mpiga ngoma alikuwa mtu wa kulipwa na studio, kwa hiyo kumwondoa kulimpunguzia mtu gharama. Uswahilini mpiga ngoma alikuwa jirani, ndugu, mwana kikundi; ukimwondoa huokoi chochote, unaharibu shughuli. Mashine haikuamua nani abaki nani aondoke. Aliyeamua ni yule aliyekuwa akilipa.

Na ukitaka kuona upande mchungu, hapahapa Pwani upo. Taarabu asilia ya Zanzibar, ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na ya Culture Musical Club ya mwaka 1958, ilikuwa safu nzima ya fidla, udi, ganuni, nai, akodiani. Taarabu ya kisasa, rusha roho, ikaja na kinanda kimoja au viwili vilivyobeba karibu yote hayo. Bendi ikaenea kwenye gari moja, wanawake wakapata nyimbo za kuchezea wakiwa wima, mipasho ikanoga, na sitaki kujifanya kwamba sikucheza. Lakini kinanda cha kawaida kimefungwa kwenye sauti zake. Kati ya kibonyezo kimoja na kinachofuata hakuna kitu. Ganuni na fidla vina zile sauti za katikati, robo robo, zinazotakiwa na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Uarabuni vikaja baadaye na sauti hizo, ila masikio ya kizazi kizima yalishazoea kukosa. Hasara hii kwangu ni kubwa kuliko ya ajira, kwa kuwa ajira huwa ina wa kuidai.

Kisha ikaja singeli, mtoto wa mchiriku na taarabu. Vijana wa studio za Dar walichukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakavizungusha, wakavikimbiza kwa kasi ambayo hata mwenye kipande hakitambui, wakamweka MC juu yake. Wamefanya kwa kompyuta ya mkononi kile Davey na Smith walichofanya kwa MT-40, isipokuwa kwamba safari hii kilichochukuliwa ni rekodi ya mtu, mpiga kinanda ambaye huenda anaishi daladala mbili kutoka studio. Kwa kipimo nilichokiweka hapo juu, huyo anastahili kulipwa, na nalisema hilo nikiipenda singeli.

Kesi ya "Fish Market" ikiamuliwa kwa upana, itawahusu na hao. Mifumo ya YouTube inayokagua miziki haisubiri hakimu wa Kisutu. Mzalishaji wa Manzese ataamka asubuhi akute kazi yake imeshushwa kwa madai ya mapigo, na wa kumwandikia barua ya kujibu hana.